Pepo wa Punda

Mimba yangu ya kwanza, miaka ya sabini, niliibeba Maganzo nyumbani kwa mama mkwe. Kisukuma chake kilikuwa cha kuamuru, Kiswahili chake cha gulioni tu. Nilipotoka kliniki nikamwambia nimechomwa sindano ya pepopunda. Akasikia pepo, akasikia punda, akaishia hapo. Kesho yake akampokea jirani yetu kwa fimbo: punda wake, aliyetuletea madumu ya maji kila asubuhi, asikanyage tena uwanja wenye mjamzito!

Maji nikawa nachota mimi, tumbo mbele. Siku moja natoka kisimani na ndoo kichwani, nikakutana na nesi wa kliniki. Nikamsihi apite nyumbani amweleweshe yule mama, tukaongozana.

"Mama, hapa hakuna pepo," nesi akamwambia kwa Kisukuma. "Ni vijidudu. Vinajificha kwenye udongo na kwenye kinyesi, cha punda na hata cha ng'ombe, vinangoja mtu apate kidonda viingie."

Mama mkwe akaitazama sakafu yake, niliyoisiliba jana tu kwa mavi ya ng'ombe kama alivyotaka. Nikajua leo nimemshinda.

"Ng'ombe msiwasingizie," akasema taratibu. "Ng'ombe ndio waliomleta huyu binti hapa. Huyo punda ametuletea nini?"

"Maji, mama," nikajibu. Ndoo nilikuwa bado sijaitua.