Nyani Aliyeshika Zamu Yangu

Leo nyani amenifanyia kazi yangu.

Mnajua naokota chupa za plastiki zinazotupwa na abiria wa mabasi, kwenye hii barabara inayokatiza hifadhi hapa Mikumi.

Asubuhi nilimuuliza mama Zuhura, ninayeokota naye: "Shikamoo mama. Hivi wasipotulipa, utakuja?"

"Marahaba. Nitakuja. Wanyama wanameza hizi."

Nikacheka. Mimi bila mshahara simo.

Akavuka upande wa pili. Msimamizi hayupo, nikaweka gunia chini, nikakaa kuchati.

Nyani dume akatoka majanini, peke yake. Akaokota chupa. Nikajua anatafuta soda iliyobaki.

Hakunywa.

Akaja taratibu, akaitumbukiza kwenye gunia langu. Akafuata nyingine. Akaitumbukiza pia.

Kisha akakaa, akanitazama kama mtu anayesubiri.

Nikainuka, nikaanza kuokota. Ndipo akaondoka.

Nimemsimulia mama Zuhura. Hakushangaa. Kasema tu, "Kumbe na wewe amekujia."

Sasa ndugu zangu, kesho Jumapili ni siku yangu ya kupumzika, na hailipwi.

Mbona nimeshaandaa gunia?