Nyasi za Kukanyagwa

Juzi hapa Bukoba tumezindua bustani ya kuwakumbuka askari wetu waliokufa vitani. Hotuba zilirefuka mpaka jua likatuchoma utosi. Mbele ya jiwe lenye majina palikuwa na kibao: USIKANYAGE NYASI.

Akaja mama mmoja kutoka Ngenge, amejitwisha mzigo wa nyasi mbichi. Ofisa mwenye beji akamnyooshea kidole.

"Mama, takataka haziruhusiwi hapa."

"Waitu, bwana wangu, jina la mwanangu liko kwenye hilo jiwe. Kwetu anayerudi safari hutandikiwa nyasi sebuleni. Huyu sikuwahi kumtandikia."

"Nyasi zipo, mama. Hizo tumezileta kwa lori."

Mama akautazama ukoka, akakitazama kibao. "Hizo mmekataza zisikanyagwe. Zangu ni za kukanyagwa."

Ofisa mwenyewe ni Mhaya kama huyo mama, katambaa juu ya nyasi hizo hizo utotoni! Akamrudisha getini.

Mama akapiga magoti, akazitandika nje, kando ya barabara, taratibu, kama yuko nyumbani kwake.

Haya, hongereni. Shujaa akirudi, angalau nje ya geti atapata pa kukanyaga.