Chuo Ambacho Gabrieli Hakutaka

Gabrieli alipiga simu siku ileile majina ya waliochaguliwa vyuoni yalipotoka. Pelagia alikuwa uani kwao, kijijini Mamba, anapeta mchele. Gabrieli hakuwa na kawaida ya kupiga. Alianza kwa sifa, kwamba binamu yake kaupiga mwingi, vyuo viwili vinamtaka kwa mpigo, cha Iringa na cha Dar es Salaam, wakati wenzake wanalilia hata kimoja. Halafu akaingia kwenye lake. Iringa, alisema, ndiko kwenye chuo cha mtu mwenye akili. Hosteli za wasichana ziko ndani ya geti, maji hayakatiki, baridi inamkalisha mtu kwenye kitabu, na wanafunzi wa kule ni wapole, hawana mambo mengi. Dar ni joto, foleni ya chakula na watu wa kujionyesha. Yeye mwenyewe anayesoma huko anavumilia tu kwa sababu ameshafika mwaka wa pili.

Pelagia alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akakata simu. Kisha akaupiga ungo kwa nguvu hadi mchele mzima ukaruka pamoja na chuya, na kuku wakala bure.

Alijua kwa nini binamu yake anampenda ghafla.

Mwezi wa nane, alipomaliza mafunzo ya JKT mkoa wa Pwani, baba yake Telesphor alimwambia apitie chuoni Dar kwa Gabrieli apumzike kabla ya safari ndefu ya kurudi nyumbani. Gabrieli ni mtoto wa shangazi Gaudensia, dada wa Telesphor, anayeuza vitenge Nsemulwa pale Mpanda mjini. Walipokuwa wadogo Gabrieli alikuwa analetwa Mamba kila likizo, wanalala kwa bibi mkeka mmoja, wanaoga mtoni pamoja. Kwa hiyo Pelagia alishuka kwenye gari akiwa na kichwa kilichonyolewa, ngozi imeungua na jua la kwata, begi la kijani mgongoni, na hakuona haya yoyote, kwa sababu alikuwa anakwenda kwa ndugu yake.

Na chuo alikipenda, hilo lisifichwe. Aliona wasichana wamekaa kwenye zile meza za zege chini ya miti wanazoziita vimbweta, wanabishana siasa na wavulana bila kuinamisha macho, mmoja anasukwa nywele huku anasoma kwa sauti. Aliona uwanja wa netiboli wenye taa. Alisikia kundi likifanya mazoezi ya maigizo nyuma ya bwalo, mtu analia kilio cha uongo na wenzake wanamwambia arudie, hajalia vizuri. Pelagia alisimama pale mpaka Gabrieli akamvuta mkono.

Kwenye bwalo ndiko mambo yalikoharibika. Alitokea mwanaume mwenye ndevu, suti na tai, faili kwapani, na kila mtu akampisha. Pelagia akamdhania mwalimu. Kwao msichana hamwamkii mtu mzima akiwa wima kama mti, akapiga magoti palepale kwenye vigae, sinia la wali mkononi, akasema shikamoo. Yule mtu hakuwa mwalimu. Alikuwa Manyanda, mwanafunzi mwenzake Gabrieli, naye anatoka Mpanda, siku hiyo amevaa suti kwa sababu anaomba kura. Manyanda alishangaa kidogo, halafu, kwa kuwa watu wanamtazama, akamwekea mkono kichwani kama askofu, akamwitikia marahaba, mwanangu. Bwalo zima likavunjika kwa kicheko.

Hilo Pelagia angelimeza. Hata yeye baadaye alicheka. Lakini Gabrieli alikuwa amelichukua lote kwenye simu, na jioni video ikaanza kutembea, imewekewa muziki, imeandikwa Dada Magoti. Ilifika Mpanda kabla yake. Aliposhuka stendi, vijana wa bodaboda walipiga magoti kwenye vumbi wakamwambia shikamoo dada. Yeye akaiomba kwa mmoja wao, akaitazama, akairudia kwa kuiweka sikioni. Mwishoni kuna sauti ya msichana anauliza, huyu nani? Na sauti ya Gabrieli inajibu, haraka, bila hata kumeza mate: "Dada wa kazi wa nyumbani kwetu. Kaleta mzigo."

Msichana aliyeuliza anaitwa Jeniffer. Gabrieli alikuwa anamfukuzia tangu mwaka wa kwanza.

Pelagia hakumwambia mtu. Ndiyo tabia yake, kitu kikimuuma kinakwenda chini, kinakaa, kinaiva. Mama yake alidhani uchovu wa JKT.

Kwa hiyo vyuo vilipotoka, kila mmoja alikuwa na shauri. Anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba kwenye simu, akaithibitishe kwenye chuo anachokitaka, na kile kingine kinakwenda zake. Siku zilikuwa chache. Baba yake alitaka Iringa kwa sababu ya usalama. Specioza, waliyesoma naye kidato cha sita, alikuwa ameshachagua Iringa, akampigia kumshawishi: watakaa chumba kimoja, wataingia kwaya, jioni watajifunika blanketi wakinywa chai, na kule hakuna hata mmoja aliyeiona ile video. Pelagia aliposikia hayo ya mwisho moyo ulimlegea kweli. Kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayekucheka ni raha. Akamwambia Specioza asubiri, huenda.

Katikati ya huenda hiyo, bibi akafa.

Alikuwa ameshiba miaka, msiba wake haukuwa wa kujigaragaza. Watu walilia wakala, wakalia tena. Shangazi Gaudensia alikuja kutoka Mpanda na gari la kukodi, na Gabrieli nyuma yake katika suti nyeusi. Walikuja pia wanafunzi wenzake wa mkoa wa Katavi waliokuwa likizo, kumfariji mwenzao, kama chama chao kinavyofanya. Manyanda alikuwepo, ndevu zake zilezile. Jeniffer alikuwepo, kajifunga kitenge kipya, kabeba simu kwa adabu.

Manyanda alipomwona Pelagia anagawa maji, alimsalimia vizuri, akamnong'oneza mwenzake, ambaye Pelagia alimsikia akijibu, dada wa kazi na yeye kaja, wanamthamini. Pelagia akamaliza kugawa maji. Akaweka jagi chini.

Sasa, Mamba akizikwa mzee, wajukuu ni watani wake, na binamu kwa binamu ni watani zaidi. Siku hiyo wana ruhusa. Wataficha majembe, watalala kaburini, watasema bibi haingii mpaka wapewe kuku au soda, na hakuna mfiwa anayenuna. Anayenuna amemkataa marehemu, na litasemwa mpaka wajukuu zake walisikie. Katekista wa Mamba analijua hilo, akifika kwenye sala ya mwisho hufunga kitabu, akakaa pembeni kusubiri wamalize.

Jeneza lilipowekwa ukingoni, Pelagia akavua kandambili, akarukia ndani ya kaburi, akakaa chini, magoti kifuani. Watu wakacheka. Wazee wakamuuliza anataka nini, jogoo au mtetea?

"Sitaki kuku," Pelagia alisema kutoka chini. "Namtaka yule mwenye suti."

Gabrieli akasogea huku anatabasamu, mikono mfukoni, anajua utani ni utani. Pelagia akamwomba kaka Manyanda atoe simu achukue video, maana mambo ya bibi yasipotee. Manyanda, ambaye hajawahi kuombwa video mara mbili, akaitoa.

"Binamu, mimi ni nani?"

"Pelagia."

"Pelagia wa nani? Sema kwa nguvu, bibi alikuwa hasikii vizuri."

"Binti wa mjomba Telesphor," Gabrieli alisema. Bado anatabasamu, lakini mikono imetoka mfukoni.

"Na kule chuoni uliwaambia mimi ni nani?"

Kicheko kikakatikia kwa wanafunzi kwanza, halafu kwa akina mama. Jeniffer akamgeukia Gabrieli. Manyanda akaishusha simu kidogo, halafu akaipandisha. Gabrieli akasema kwa sauti ndogo kwamba hayo wataongea nyumbani.

"Nyumbani ni hapa," Pelagia akasema. "Au na bibi alikuwa mama wa kazi?"

Shangazi Gaudensia akaita jina lake, akamwambia inatosha. Pelagia akamjibu kwa upole kabisa, "Shangazi, mimi namtania mtoto wako, wewe sijakugusa." Na shangazi akanyamaza, kwa sababu macho yote yalikuwa yanangoja kama atanuna.

Jua linawaka, jeneza liko ukingoni, wabebaji wanafuta jasho. Gabrieli aliangalia huku na huku kutafuta mkubwa wa kumwokoa, hakuna aliyemtazama usoni. Mwisho akasema. Alisema kwamba aliwaambia ni dada wa kazi. Mzee mmoja nyuma akaguna, mguno mrefu, ule wa mtu aliyekuta panya kwenye ghala.

"Basi mwombe dada wa kazi atoke," Pelagia alisema. "Kwa adabu. Unajua dada wa kazi wanavyoamkia."

Gabrieli akakunja suruali ya suti asiichafue. Pelagia akamwambia asikunje. Gabrieli akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, mbele ya mama yake, mbele ya Jeniffer, mbele ya simu ya Manyanda, akamwamkia msichana aliye mdogo kwake kwa miaka miwili.

"Shikamoo."

Watu walianza kucheka, wakasubiri marahaba ili wacheke vizuri. Pelagia hakuitika. Aliwapa mikono vijana wakamvuta juu, akajikung'uta, akatafuta kandambili zake, akavaa moja, akavaa nyingine, akapita kando ya Gabrieli kama anavyopita mtu kando ya kisiki. Shikamoo ile ikabaki hewani haina mwenyewe. Wengine walicheka, lakini kilikuwa kicheko chembamba. Katekista akafungua kitabu haraka.

Bibi akazikwa.

Kama kuna anayetaka kusikia kwamba Pelagia alijisikia vibaya usiku ule, hakujisikia. Alikula ugali wa msibani vizuri, akaongeza mboga.

Jeniffer aliondoka na gari la kwanza, na alipopita kwa Pelagia alisimama kama anataka kusema neno, kisha akamshika tu mkono. Video ya Manyanda iliingia kwenye kundi la wanafunzi wa Katavi, kutoka hapo ikaenda chuoni. Hakuiwekea muziki. Gabrieli alikuwa anagombea uenyekiti wa chama chao, akajitoa mwenyewe. Shangazi Gaudensia aliapa hatakanyaga tena kwa kaka yake mpaka binti aombe radhi. Telesphor lilimuuma, ni dada yake wa pekee, na Pelagia aliona linamuuma, na hakuomba.

Kabla siku za kuthibitisha hazijaisha, Gabrieli alikuja Mamba kwa pikipiki, bila suti. Telesphor aliwaacha wawili barazani. Gabrieli hakuzunguka safari hii. Alisema amekosa, alisema alitaka tu kuonekana mtu mbele ya wenzake. Halafu akasema lililomleta.

"Nenda Iringa, Pela. Nakuomba. Watu watasahau, wale hawana kumbukumbu. Ila wakikuona wewe pale kila siku, watakumbuka kila siku."

"Ndiyo maana nakuja," Pelagia alisema.

Gabrieli akaondoka bila kunywa maji.

Baba yake alikuwa amesikia, ukuta wenyewe ni wa tofali mbichi. Alitoka, akakaa pale alipokuwa amekaa Gabrieli, akamuuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua kweli.

"Unachagua chuo, au unachagua ugomvi?"

Pelagia akafikiri. Akakumbuka blanketi na chai ya Specioza, na kwaya, na ule upole wa mahali pasipokujua. Akaukumbuka uwanja wenye taa, na yule mtu aliyekuwa anaambiwa arudie kulia. Huko angecheza, angebishana, angelia kilio cha uongo mpaka kiwe cha kweli. Hilo alilitaka hata kama Gabrieli asingezaliwa. Lakini alizaliwa, na kumwona akibadilisha njia kila akitokea, hilo nalo alilitaka, na hakuona kwa nini achague moja.

"Vyote, baba," akasema.

Telesphor akatikisa kichwa. Akasema basi aanze kutafuta begi, lile la kijani limechanika.

Mtandao wa Mamba unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya shule. Pelagia alipanda, akaingiza namba kwenye chuo cha Dar, akangoja kiduara kizunguke mpaka kikakubali. Alimwandikia Specioza kwanza, akamwomba msamaha, na msamaha huo ulikuwa wa kweli. Kisha akaipiga picha ile taarifa ya kuthibitisha, akamtumia Gabrieli na maneno haya: nafika Dar na basi la wiki ijayo, uje unipokee stendi, uje na rafiki zako wote, uwatambulishe.

Alama zikawa za bluu palepale. Amesoma. Hakujibu siku ile, hakujibu ya pili. Pelagia hakurudia kuandika, alipanda kichuguu asubuhi, akashuka, akafanya kazi zake.

Siku ya tatu jibu likaja, maneno mawili tu: "Basi gani?"

Pelagia alilisoma, akaizima simu kuokoa chaji, akaenda kula kwanza.