Bango Lililokaa Upande

Egon Fjeldsø alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha meli hapa Nakskov mpaka kilipofungwa. Baada ya hapo alibaki na kazi moja ya moyoni: kila uchaguzi, kutundika mabango yenye picha ya Lisbet Krogh, mgombea wetu, kwenye nguzo za taa. Alianza Lisbet alipogombea udiwani, msichana mwembamba aliyemshikia ngazi mwenyewe kwa sababu chama chetu chenye nembo ya waridi jekundu hakikuwa na mtu mwingine. Egon alikaza kamba kabla ya kulinyoosha bango, likakaa upande, kichwa cha Lisbet kikainama. Wapinzani wakacheka. Wapiga kura wakasema, "Huyu anatega sikio." Akashinda.

Tangu hapo Lisbet alimkataza kuyanyoosha. Udiwani, ubunge, uwaziri, hadi uongozi wa chama, sisi tulimjua kwa kichwa kilichoinama.

Mwaka huu goti la Egon lilikataa ngazi. Makao makuu yakaleta mafundi kutoka Copenhagen, na pima maji yao, wakayanyoosha yote kama picha za pasipoti. Lisbet akashindwa vibaya, akaachia uongozi. Mimi nasema watu walichoshwa na hospitali kuwa mbali, wala si mabango. Lakini Egon aliumia kwa jambo jingine: Lisbet atadhani yeye Egon amemtupa.

Kisheria mabango hayakai sana baada ya kura. Siku ya mwisho ya kuyaondoa nikamkuta jirani yangu huyu mbishi ameegemeza ngazi kwenye nguzo, mbele ya duka la mikate, tayari amepanda vidato viwili.

"Shuka, mzee. Ukivunjika nani atakuuguza? Mimi sina muda."

"Basi shika ngazi, unyamaze."

Kabla sijafika, mkono mwingine uliishika. Lisbet, ndani ya koti la mvua, peke yake.

"Nimeyaona tangu stesheni," alisema. "Yamenyooka. Nikadhani umehamia kwa wapinzani."

"Mimi? Bora nihamie Sweden." Kisha akaligusa goti lake. "Ni goti tu, Lisbet. Nilitaka kukupigia simu, nikaona haya."

Lisbet akamshusha, akapanda yeye kulifungua bango, Egon akashika ngazi.

Bango tulilipeleka kwenye banda la baiskeli la Egon. Alilifunga mlangoni, akalinyoosha kwa heshima zote. Lisbet akavuta pembe moja chini.

"Liache hivyo," alisema. "Bado nataka kusikia."

Egon akalia waziwazi. Mimi nikaenda kuchemsha kahawa, maana ningebaki pale ningelia pia.