Upande wa Ndani wa Mlango

Mlango wa chumba cha binti yangu niliutengeneza mwenyewe, kwa mbao za mninga, mwaka alioingia kidato cha kwanza. Mimi ni seremala. Nauza milango kando ya barabara huku Goba, na watu hutoka mpaka Bunju kuja kuagiza. Lakini kinyozi hajinyoi: chumbani kwetu mimi na mama yake palikuwa na pazia, stoo pazia, na choo kilikuwa na mlango wa mabaki ya mbao uliokuwa ukilia kama mbuzi. Binti alipokua, nikasema huyu hataishi kama nilivyoishi mimi. Nilikulia Temeke, chumba kimoja cha kupanga, watoto watano tukilala chini upande huu wa shuka na wazazi upande ule. Baba akikohoa, sote tunaamka.

Nikampa binti mlango, kitasa na funguo mbili, nikajisifu wiki nzima.

Miaka minne baadaye akamaliza kidato cha nne, ikaja ile miezi mirefu ya kukaa nyumbani kusubiri kidato cha tano. Mtoto akaingia chumbani Desemba, na mpaka masika yanaanza alikuwa hajatoka. Naongeza chumvi, lakini kidogo tu. Alitoka kuoga, alitoka kuosha vyombo, alitoka kuchukua sahani yake ya ugali na dagaa akarudi nayo ndani. Nikirudi jioni nasikia, "Shikamoo baba," sauti inapita tundu la ufunguo, nami naitikia "Marahaba" huku nimeukodolea macho ubao. Heshima haikupungua hata siku moja, ila nilikuwa nasalimiana na mlango.

Mimi ni mtu mwenye hasira za karibu, sifichi. Zinakuja haraka na kuondoka haraka, ila zikiwepo nyumba nzima inajua. Nikawa napiga kelele pale sebuleni: "Huko ndani kuna nini? Unaatamia mayai?" Mama yake akawa ananituliza. Ndivyo walivyo watoto wa siku hizi, alisema, jirani yetu wa mlimani ana wawili na hawaonekani mpaka umeme ukatike. Yeye ilikuwa rahisi kusema. Aliingia chumbani kwa binti na kutoka apendavyo, wanakaa kitandani wanacheka. Kwetu kusini, walikotoka wazazi wangu, baba haingii chumbani kwa binti aliyekwisha kukua, na mimi mila hiyo sijaiacha. Tangu siku niliyoufunga ule mlango, sikuwahi kuuona upande wake wa ndani.

Nilichoogopa hasa si simu wala mvulana. Niliogopa kwamba mtoto amenichoka. Katikati ya mwaka angekwenda shule ya bweni, na nilijiona nikimpandisha basi mtu ambaye sijazungumza naye tangu Desemba. Niliumia, na kwa kuwa sijui kuumia kimya, nilizidi kufoka.

Masika yakanipa njia. Mbao zikinywa unyevu huvimba, na ule mlango ukaanza kukwama. Nilimsikia binti akiusukuma kwa bega. Jumanne asubuhi nikabeba bisibisi, nikamwambia nauchukua nikaupige randa ukingo, nitaurudisha kesho.

Kesho ya fundi kila mtu anaijua. Ukweli ni kwamba nilipanga kukaa nao wiki tatu, mpaka azoee kuishi na watu.

"Baba, utaupaka na vanishi?" akauliza.

"Nitaona."

Akaushika mlango ukingoni, akauachia. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaufunika mlango na turubai palepale nikaondoka nao. Nyuma yangu niliona anatundika khanga ya mama yake mahali pa mlango.

Kwenye kibanda changu cha kazi niliulaza juu ya meza, nikatoa turubai. Upande wa ndani ulikuwa juu. Chini ya kitasa, usawa wa mtu aliyekaa sakafuni, palikuwa na maandishi mazito ya penseli, ile penseli yangu bapa ya kupimia niliyomlaumu kila mtu kwamba ameiiba. Juu yake ameandika: "Ya kumwambia baba akiwa na furaha."

Ilikuwa orodha. Ya kwanza, "Viatu vya shule vinabana," ilikuwa imekatwa kwa mstari. Viatu vile nilinunua alipokuwa kidato cha tatu. Yaani orodha ilikuwa na miaka. Zilizofuata nyingi hazikukatwa:

"Asiniite daktari mbele ya wateja."

"Anisimulie bibi alikuwaje."

"Sitaki fizikia, kemia na biolojia. Naogopa damu. Nataka historia na jiografia. Mwisho wa kubadilisha masomo ni Ijumaa."

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Mbona akiongea na wateja anacheka, akifika nyumbani hacheki?"

Nikakaa juu ya kigogo. Kwanza nilikasirika, maana ndiyo desturi yangu. Daktari! Mtaa mzima unajua! Muuza chipsi wa pale kona alikwishaanza kuniita baba daktari. Halafu akatokea mama mmoja mteja, anataka kabati la vyombo, na kabla sijafikiri nikasikia mtu anacheka, anamtania yule mama kwamba kwa vyombo hivyo lazima mumewe ni mlaji. Mtu huyo alikuwa mimi. Kicheko kikanikauka mdomoni, mama wa watu akadhani amenikosea.

Nilijua nimesoma barua isiyotumwa. Kurudi nyumbani na kusema "nimeona" ingekuwa sawa na kuingia chumbani kwake bila hodi. Wala nisingeweza kujibu swali ambalo sijaulizwa. Njia iliyobaki ilikuwa moja: niwe na furaha, na niwe nayo kabla ya Ijumaa.

Naomba mniamini kwamba kazi ngumu kama ile sijawahi kufanya. Jumatano nilirudi mapema na mishikaki. Nikakaa sebuleni nikatabasamu. Nilitabasamu kwa taarifa ya habari, nikatabasamu kwa utabiri wa mvua. Mama yake akaniwekea kiganja shingoni.

"Una homa?"

"Sina."

"Basi umepata tenda."

"Kwani mtu hawezi kufurahi nyumbani kwake?" Nilisema kwa sauti kubwa kidogo. Nyuma ya ile khanga kivuli kilichokuwa kimesogea karibu kikarudi nyuma. Nikajilaani kimoyomoyo na kumaliza mishikaki peke yangu.

Alhamisi nikaurudisha mlango. Nilikuwa nimepiga randa ukingo tu. Uso wa ndani sikuugusa kwa msasa wala vanishi, na nilipoubeba niliufunga kwa magazeti ili penseli isifutike. Ilikuwa saa kumi alasiri, mvua imepumzika, mama yake ameenda gengeni.

Sasa, mlango wa mninga haufungwi na mtu mmoja. Mmoja anashika usikae upande, mwingine anakaza bawaba. Siku zote pale kibandani ananishikia fundi mwenzangu, lakini siku hiyo sikumwita.

"Njoo unishikie," nikamwambia binti.

Akatoka, akasimama upande wake wa kizingiti, mimi upande wangu, na mlango katikati. Mafundi tuna tabia mbaya ya kuweka skrubu mdomoni, mikono ikiwa na kazi. Nikaweka kumi kati ya midomo, tatu kwa kila bawaba na moja ya akiba, nikapiga magoti, nikaanza na bawaba ya chini.

Nikasikia magazeti yanachanwa.

"Baba, huku hukupiga msasa."

Nikatikisa kichwa.

"Umesoma?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mlango ukatetemeka, nikadhani atauachia uniangukie miguuni.

"Umekasirika?"

Nikatikisa kichwa tena, kwa nguvu, mpaka skrubu zikalia kwenye meno.

Akaanza. Alianza na la damu. "Ile siku ulipojikata kidole na msumeno, mie nilizimia jikoni. Mama akasema usiambiwe." Mimi nilikuwa nazunguka na kidole kimefungwa kitambaa, nikiwaambia wateja kwamba ninaye daktari wa kunitibu! Maneno yalinipanda: masomo yanaachwaje hivihivi, watu nitawaambia nini, nani amekujaza hayo? Yakafika kwenye meno yakakuta skrubu. Nikatoa moja, nikaikaza taratibu. Yeye akaendelea.

Akanieleza jiografia. Akaniambia jinsi udongo wa milima yetu ya Goba unavyoshuka kila masika, na kwa nini nyumba ya jirani imepata ufa na yetu bado, mambo ambayo kumbe aliyasoma humo ndani wakati mimi nauliza kama anaatamia. Nilipendezwa mno, na sikuweza kusema. Nikapanda kwenye bawaba ya kati, kisha ya juu, na yeye sauti ikawa inapanda na kufunguka. Akauliza habari za bibi yake, akasema atanidai simulizi hiyo baadaye. Kesho yake asubuhi tulibadilisha masomo kwa simu yangu, yeye anabonyeza mimi nasoma kwa sauti, na muuza chipsi nilimwambia mwenyewe aache kuniita baba daktari. Leo yuko bweni, na likizo akirudi bado anashinda chumbani kwake, na sina neno.

Lakini pale mlangoni alikuwa bado hajamaliza. Akalisema lile la mwisho, la kicheko, kwa sauti ndogo kama alivyoliandika. Akasema si kwamba ananilaumu. Akasema wakati mwingine akisikia nacheka na mteja kwenye simu pale nje, yeye huja kukaa chini nyuma ya mlango asikilize.

Bawaba zote tatu zilikuwa zimekwisha kukazwa. Mlango ulikuwa unasimama wenyewe, hauhitaji tena mtu wa kuushika, na mtoto wa seremala hawezi kukosa kujua hilo. Hakuuachia. Na mimi nilibakiwa na skrubu moja isiyo na kazi. Nikaiacha mdomoni, nikapiga magoti tena pale kwenye bawaba ya chini, nikawa naizungusha bisibisi hewani ili aendelee kusema.