Mkwe Aliponiuliza Habari za Mkojo

Siku hizi wanaouliza habari za afya hupiga simu. Sauti tu, haina uso. Mimi nawatamani wale waliokuwa wakija kijijini kwetu Jilore kwa miguu, wapige hodi, wanywe maji ya mtungini, ndipo waanze maswali yao.

Wa kwanza kuja kwangu alikuwa kijana mpole, shati limenyooka. Tatizo ni kwamba alikuwa amemwoa binti wa dada yangu. Basi ni mkwe wangu huyo, na kwetu wewe na mkwe hata mkeka mmoja hamkalii. Aliyempanga kuja kwangu lazima alikuwa mtu wa mbali, anayeona nyumba asione ukoo.

Nami wakati ule nilikuwa na maradhi. Tangu nimzae kitinda mimba wangu, kwa uchungu mrefu, mkojo ulikuwa ukinitoka wenyewe, mchana na usiku. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakunitupa, lakini watu nilijitenga nao mwenyewe, kwa ile harufu.

Kijana akawatazama mbuzi, akauliza, "Mama, mkojo... hauna taabu?"

"Mkwe, mimi mzima kama hao mbuzi. Wasalimie nyumbani."

Akaandika kwamba mimi mzima, akaondoka kama anayefukuzwa na nyuki. Maskini, naye aliona haya kuliko mimi.

Baadaye akaja mwanamke wa makamo, mtu wa Mambrui, na buibui lake, kurudia maswali yale yale katika baadhi ya nyumba, kuhakiki aliyoandika kijana. Alinikuta nachambua mbaazi. Mbaazi za siku zile, jamani! Tui kidogo tu, nyumba nzima yanukia. Hizi za sasa hata sizielewi. Basi akaketi chini, akachambua nami, tukawasengenya mama wakwe zetu mpaka tukachoka kucheka. Ndipo akauliza lile la mkojo.

Nikazidi kuinamia mbaazi zangu.

"Umezaa, nami nimezaa," akasema. "Sema, mwenzangu."

Nikasema yote, nikalia.

"Na yule kijana mbona ulimwambia u mzima?"

"Dada, wewe ungemwambia mkweo?"

"Hata kwa bakora!"

Akanieleza kwamba ndani mlichanika wakati wa kuzaa, na kwamba hushonwa. Akanipeleka mwenyewe hospitali, nikashonwa, nikapona.

Mwezi ule jirani yetu akaoza binti. Nilikaa katikati ya wanawake, tumebanana goti kwa goti, na hakuna aliyesogea kando.