Alimtisha au Alimgombeza?

Juzi nilikuwa kaunta ya polisi, Malukhu, mjini Mbale, Uganda, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu walisimama wanawake wawili majirani, wauza vitunguu. Mdogo alimshtaki mkubwa kwamba amemtisha, na kwa neno hilo mtu hulala mahabusu.

"Mama, wewe ulitisha huyu?" afande aliuliza.

"Nilimgombeza, afande. Kutisha ni kwa adui."

Afande akamgeukia mdogo. "Sema vile alisema."

Yule akavuta mtandio wake. "Alisema, 'Ukiacha tena sigiri ya makaa inawaka na mtoto amelala ndani, mimi navunja huo mlango.'"

"Mtoto ya nani?"

"Wangu."

Afande aliweka kalamu chini. Mdogo akatazama sakafu. "Basi, afande. Alinigombeza."

Nilishusha pumzi kana kwamba kesi ni yangu. Kwetu Mbale Kiswahili kilikuja kimevaa buti za askari, na maneno ya kutisha ndiyo tuliyoyajua kwanza.

Kabla hawajafika mlangoni, mkubwa alishaanza kumgombeza upya. Afande akageukia dirisha, kama mtu asiyeijua lugha hiyo.